Usugu wa dawa kwa bakteria wa utumbo wasiotumia oksijeni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa maabara, wauguzi, wauza dawa na yeyote aliyewahi kumeza Flagyl akajiuliza inafanya kazi gani humo ndani. Usugu wa dawa hufundishwa kwa kutumia E. coli au kifua kikuu. Wakazi wakubwa wa utumbo wetu, wale wanaoishi bila oksijeni, huachwa pembeni. Hilo ni kosa, kwa sababu mara nyingi wao hawahitaji kupata kitu kipya ili wawe sugu. Jeni wanayo tayari, imelala. Kinachobadilika ni amri ya kuiamsha.

Bakteria hawa ni akina nani, na wako wangapi?

Ndani ya utumbo mpana karibu hakuna oksijeni kabisa. Wanaostawi humo ni wale wasioihitaji, na baadhi yao hufa wakiguswa na hewa. Kundi kubwa ni Bacteroides. Wapo pia Prevotella, Faecalibacterium, Bifidobacterium na jamaa wengi wa Clostridium. Mwaka 2016 watafiti Sender, Fuchs na Milo walikadiria kwamba mtu wa kilo 70 ana bakteria wapatao trilioni 38, uzito wao wote ukiwa gramu 200 hivi, na karibu wote wamo kwenye utumbo mpana. E. coli anayetajwa kila siku ni sehemu ndogo mno ya umati huo. Wasiotumia oksijeni humzidi kwa mara mia hadi elfu.

Wengi wao hawana madhara, na tunawahitaji. Taabu huanza wanapotoka mahali pao. Bacteroides fragilis si wengi utumboni, lakini kidole tumbo kikipasuka au utumbo ukitoboka, ndiye anayekutwa mara nyingi kuliko wenzake wa kundi hili kwenye usaha wa tumboni. Clostridioides difficile yeye hahitaji kutoka popote: hungoja antibayotiki iwafagie majirani zake, kisha huzaliana na kumwaga sumu inayoleta kuhara kukali, wakati mwingine hadi kifo. Nchini Marekani pekee, kituo cha kudhibiti magonjwa cha CDC kilikadiria vifo 12,800 kutokana naye mwaka 2017.

Kwa nini Flagyl huwaua hawa na kuwaacha wengine?

Flagyl ni jina la biashara la metronidazoli, dawa iliyotoka kwenye maabara za kampuni ya Rhône-Poulenc ya Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1950. Ilikusudiwa kuua trikomona, kimelea cha ukeni. Uwezo wake dhidi ya bakteria uligunduliwa baadaye, pale ugonjwa wa fizi ulipopona kwa mgonjwa aliyekuwa akitibiwa trikomona.

Ikiingia kwenye seli dawa hii bado haina makali. Inakuwa sumu pale tu inapopewa elektroni, na bakteria wasiotumia oksijeni wana protini zinazogawa elektroni kwa nguvu ya kutosha kufanya hivyo, ikiwamo kimeng'enya kiitwacho PFOR kinachoshirikiana na feredoksini. Kundi la naitro lililomo kwenye dawa linageuka kuwa kipande kikali kinachokatakata DNA. Seli zetu wenyewe, na bakteria wanaovuta oksijeni, hawana njia ya kuiwasha namna hiyo. Kwa hiyo bakteria anajiua kwa umeme wake mwenyewe, na ukishalielewa hilo utaona mara moja milango ya usugu: apunguze elektroni, au aigeuze dawa kuwa kitu kisicho na madhara kabla haijawaka. Wanafanya yote mawili.

Badiliko la jeni hutokeaje? Dawa ndiyo inayolileta?

Kwa sehemu kubwa, hapana. Kila bakteria anapogawanyika hunakili DNA yake yote. Kwa aina ya B. fragilis inayotumiwa maabara kama kielelezo, hizo ni herufi zipatazo milioni 5.2. Unakili ni makini sana, lakini kosa moja hutokea katika kila herufi bilioni moja hadi bilioni kumi hivi. Kwa bakteria mmoja mmoja hilo ni tukio la nadra. Kwa umati wa utumboni si nadra hata kidogo. Spishi yenye bakteria bilioni mia tumboni mwako imekwisha kupitia karibu kila kosa la herufi moja linalowezekana, leo hii, kabla hujaenda duka la dawa.

Salvador Luria na Max Delbrück walionyesha mwaka 1943, wakitumia virusi vinavyoshambulia bakteria, kwamba mabadiliko ya usugu huwapo kabla ya shambulio. Esther na Joshua Lederberg walithibitisha hilo mwaka 1952, na streptomaisini ikiwa miongoni mwa vitu walivyotumia. Dawa huchagua: inaua waliokuwa wengi na kumwachia uwanja yule mmoja aliyekuwa nalo badiliko.

Kuna nyongeza moja. Metronidazoli na siprofloksasini zote huumiza DNA, na bakteria anayekarabati DNA iliyoumia hufanya makosa mengi kuliko kawaida. Kwa hiyo dozi ndogo isiyotosha kuua huchagua walio sugu na pia huongeza makosa ya kuchagulia.

Herufi moja tu inatosha kweli?

Inatosha, na C. difficile ni ushahidi wa kutisha.

Tuanze na jeni ya gyrA. Hutengeneza sehemu ya kimeng'enya kinacholegeza msokoto wa DNA, na hapo ndipo florokwinoloni, jamii ya siprofloksasini, hushika. Kwenye nafasi ya 82 ya protini hiyo panapaswa kuwa na asidi amino ya threonini. Herufi C ikibadilika kuwa T, threonini inakuwa isoleusini, na dawa haishiki tena. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 aina ya C. difficile iitwayo 027 ililipuka kwenye hospitali za Marekani, Kanada na Ulaya. Watafiti waliosoma DNA ya sampuli 151 za aina hiyo kutoka mabara mbalimbali walitangaza mwaka 2013 kwamba badiliko lile lile la nafasi ya 82 lilikuwa limetokea mara mbili, kwenye koo mbili tofauti za Amerika Kaskazini. Ukoo mmoja ulifika Korea Kusini na Uswisi. Mwingine ulienea Uingereza, sehemu nyingine za Ulaya na Australia. Matumizi ya florokwinoloni yalikuwa yamepanda hospitalini, na bakteria wawili wasiojuana walipata jibu lile lile.

Uingereza ilijibu kwa kubana florokwinoloni na sefalosporini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba maambukizi ya C. difficile yalishuka kwa takriban 80%. Sampuli zilizokuwa sugu kwa florokwinoloni zilitoka theluthi mbili hivi mwaka 2006 hadi karibu 3% mwanzoni mwa 2013. Usafi wa wodi ulisaidia, lakini waliotoweka hasa ni wale sugu, na usafi hauchagui nani ni sugu. Kwangu mimi hii ni moja ya habari njema kubwa katika tiba ya karne hii, na inasikitisha kwamba haisimuliwi zaidi.

Mfano wa pili unanigusa zaidi, kwa sababu ulikuwa umejificha. C. difficile kwa kawaida ana jeni iitwayo nimB kwenye kromosomu yake, lakini huisoma kidogo tu. Mbele ya jeni kuna promota, kipande kifupi cha DNA kinachoamuru jeni isomwe. Mwaka 2023 ilichapishwa taarifa kwamba kwa aina nyingi zenye usugu wa metronidazoli, herufi moja ya promota hiyo imegeuka kutoka T kuwa G. Jeni yenyewe haijaguswa. Imeamriwa tu isomwe muda wote. Protini yake huivunja nguvu metronidazoli, lakini kwa sharti moja: lazima pawe na hemu, ile sehemu yenye madini ya chuma inayoipa damu wekundu. Maabara zilizopima kwenye chakula cha bakteria kisicho na hemu ziliandika kwamba bakteria hawa wanasikia dawa, yaani inawaua. Ndani ya utumbo uliochubuka, unaovuja damu, hawakusikia.

Mwongozo wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 ulikuwa umekwisha kuiondoa metronidazoli kwenye nafasi ya kwanza ya kutibu C. difficile kwa watu wazima, kwa sababu wagonjwa walipona vizuri zaidi kwa vankomaisini au fidaksomaisini.

Majibu ya maabara yanasema jeni ya usugu ipo, lakini dawa bado inafanya kazi. Inawezekanaje?

Kwa B. fragilis inawezekana kabisa. Sehemu ndogo ya spishi hii ina jeni iitwayo cfiA. Hutengeneza kimeng'enya chenye madini ya zinki kinachokata karibu jamii yote ya penisilini, zikiwamo karbapenemu kama meropenemu, dawa tunazoziweka akiba kwa wagonjwa mahututi. Hata hivyo wengi wenye cfiA huuawa na meropenemu kama kawaida. Jeni ipo, promota yake ni dhaifu, kimeng'enya hakitengenezwi cha kutosha.

Kisha huja kipande kinachorukaruka. DNA ya bakteria ina vipande vifupi, vya herufi elfu moja na mia kadhaa, vinavyoweza kujikata au kujinakili na kujipachika mahali pengine. Huitwa vipande vya kujipachika na hupewa namba: IS1186, IS1187, IS942 na vinginevyo. Kwenye ncha yake kipande kama hicho hubeba promota kali inayotazama nje. Kikitua mbele ya cfiA, jeni iliyolala huamka kwa nguvu zote na meropenemu inashindwa ndani ya matibabu yale yale. Mgonjwa alianza na bakteria anayesikia dawa, akaishia na asiyesikia, na hakuambukizwa na mtu yeyote wodini.

Jeni za nim, ambazo kwa Bacteroides hugeuza metronidazoli kuwa kitu butu, nazo hufuata tabia hiyo. Zimehesabiwa zaidi ya kumi, kuanzia nimA, baadhi zikiwa kwenye kromosomu na nyingine kwenye plasmidi, yaani viduara vya DNA vilivyo nje ya kromosomu, na mara nyingi hukutwa na kipande cha kujipachika mbele yake. Yupo mwenye nim asiye sugu, na yupo sugu asiye na nim, aliyepunguza njia zake za elektroni au za kuingiza chuma.

Kwa hiyo ukipewa jibu la PCR, kipimo kinachotafuta jeni, linalosema "cfiA ipo" au "nim ipo", lichukulie kama onyo. Kabla ya kubadilisha dawa, uliza kama kiasi cha chini cha dawa kinachomzuia bakteria huyo kimepimwa.

Bakteria wazuri wanaweza kuwapa wabaya usugu?

Ndiyo, na hufanya hivyo mchana kutwa. Bacteroides wana kipande kikubwa cha DNA kiitwacho CTnDOT, chenye jeni ya tetQ inayokinga dhidi ya tetrasaiklini na ermF inayokinga dhidi ya erithromaisini na klindamaisini. Kinachosumbua ni kwamba tetrasaiklini yenyewe ndiyo inayoamsha uhamisho wake: bakteria wakionja dawa kidogo, uhamisho hupanda kwa mara elfu moja hadi elfu kumi. Abigail Salyers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois walilinganisha Bacteroides waliohifadhiwa kabla ya 1970 na wale wa miaka ya baadaye. Wenye tetQ walitoka karibu 30% hadi zaidi ya 80%. Miongoni mwao walikuwamo bakteria wa watu wazima wa afya, wasiolazwa popote.

Sindano ya jentamaisini haiwezi kusaidia?

Peke yake haiwezi. Jentamaisini na ndugu zake huingizwa kwenye seli kwa mfumo unaotegemea uvutaji wa oksijeni, na hawa hawana mfumo huo. Si badiliko la jeni, ndivyo walivyoumbwa. Ndiyo sababu daktari wa upasuaji wa tumbo akiandika jentamaisini huambatanisha metronidazoli: kila moja ina kundi lake.

Nina vidonda vya tumbo na niliandikiwa metronidazoli. Ni suala hilo hilo?

Ni la karibu. Helicobacter pylori wa tumboni hutumia oksijeni kidogo, kwa hiyo si wa kundi hili hasa, lakini kwake pia metronidazoli lazima iwashwe, na kimeng'enya cha jeni ya rdxA ndicho kinachoiwasha. Usugu kwake huja kwa kuharibu, si kwa kuamsha: badiliko lolote linaloivunja rdxA linatosha. Kuna njia nyingi za kuvunja jeni, kwa hiyo hakuna kipimo rahisi cha herufi moja kitakachozinasa zote. Klarithromaisini ni tofauti. Mabadiliko machache tu kwenye RNA ya ribosomu, A2143G likiwa mashuhuri, hueleza sehemu kubwa ya usugu na hupimika haraka. Kama umewahi kumeza Flagyl mara nyingi kwa ajili ya amiba au kuhara, mwambie anayekutibu kabla hajakuchagulia mchanganyiko wa dawa.

Dawa za kifua kikuu zinawagusa bakteria wa utumbo?

Rifampisini inawagusa. Humezwa kwa miezi sita, na kila siku wakazi wa utumbo huionja. Badiliko kwenye jeni ya rpoB, ile ile inayompa usugu kimelea wa kifua kikuu, humpa usugu C. difficile pia. Kule Cape Town, Afrika Kusini, C. difficile wenye usugu mkali wa rifampisini wamekutwa kwa wagonjwa wa kifua kikuu. Hii si sababu ya kuacha dozi ya TB hata siku moja. Ni sababu ya kumfikiria C. difficile pale mgonjwa wa TB anapoanza kuhara bila kukoma. Watafiti wa Mwanza wamekwisha mkuta kwenye vinyesi vya wagonjwa, kwa hiyo tusimwite mdudu wa Ulaya.

Kwa nini hospitali nyingi hazipimi usugu wa bakteria hawa?

Kwa sababu ni kazi ngumu. Usaha uliochukuliwa kwa pamba na kukaa wazi umekwisha kuwaua wengi wao; inafaa uvutwe kwa bomba la sindano, hewa itolewe, ufike maabara upesi na usiwekwe kwenye friji. Kisha panahitajika mtungi au kabati lisilo na oksijeni, na mara nyingi saa 48 za kungoja. Kwa miaka mingi kipimo cha kutegemewa kilikuwa cha kuchanganya dawa kwenye sahani za agari kwa viwango tofauti, kazi ambayo maabara yenye msongamano haiwezi. Sasa kamati ya Ulaya ya EUCAST imetoa njia ya vidonge vya karatasi vilivyotiwa dawa kwa spishi zinazokua haraka, akiwamo B. fragilis, inayosomwa baada ya saa 16 hadi 20. Mashine ya MALDI-TOF, pale ilipo, inaweza hata kutenganisha B. fragilis wenye cfiA na wasio nayo kwa protini zao. Natamani sana hospitali zetu za rufaa zianze na hiyo njia ya vidonge vya karatasi, kwa sababu haidai mashine kubwa. Inadai mtungi, sahani nzuri na mtu aliyefundishwa.

Mtoto anaharisha. Nimpe Flagyl?

Usimpe kwa kukisia. Kuhara kwa maji kwa watoto wengi ni kwa virusi, na Flagyl haiui virusi. Dawa yake ni maji ya chumvichumvi ya ORS, kuendelea kunyonya na kula, na zinki kwa siku 10 hadi 14. Choo chenye damu, homa kali, macho kubonyea au mtoto kushindwa kunywa ni safari ya kituo cha afya. Hata choo cha damu kwa mtoto mara nyingi ni Shigella, ambaye Flagyl haimgusi. Flagyl ina kazi yake pale amiba au giadia wameonekana.

Je, nimalize dozi hata nikipona?

Meza ulivyoandikiwa, na usijiongezee siku. Kila siku ya ziada huwafikia wakazi wa utumbo ambao hawakuwa wagonjwa wako. Utafiti wa Marekani na Kanada wa mwaka 2015 uliwahusisha watu 518 wenye maambukizi ya ndani ya tumbo ambao chanzo chake, yaani jipu au tundu, kilikuwa kimeshughulikiwa vizuri. Siku nne za antibayotiki zilitoa matokeo sawa na siku nane. Kilichowaponya kwa sehemu kubwa ni kisu na mrija wa kutolea usaha.

Nikishaacha dawa, bakteria sugu hupotea?

Wengine hupungua, wengine hukaa. Nchini Uswidi watu wenye afya walipewa klindamaisini kwa siku saba, kisha Bacteroides wao wakafuatiliwa. Aina mbalimbali walizokuwa nazo mwanzoni zilipungua, walio sugu wakachukua nafasi, na jeni za erm ziliendelea kuonekana hadi miaka miwili baadaye bila dozi nyingine kuongezwa. Unapojiandaa kwa upasuaji wa utumbo, basi, orodha ya dawa unayompa daktari isiishie zile za mwezi huu. Mtajie na ile Flagyl ya mwaka jana, na ile klindamaisini ya jino.